Mbio Zikiisha, Utasimama Wapi?

Andiko kuu: Hesabu 8:23–26
Soma pia: 1 Wakorintho 9:24–27, Matendo 13:36

Ujumbe uliohubiriwa katika ibada ya pili, Kitale, na kurudiwa kwa ushirika wetu wa Bungoma.



Juma hili tumeshika andiko ambalo wengi hulipita mbio. Kitabu cha Hesabu kina majina mengi na idadi nyingi, na msomaji akifika hapo huanza kufungua kurasa tatu kwa mara moja. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, kwa hivyo nikiona hesabu huwa natulia. Na hapa katika sura ya nane kuna jambo ambalo Mungu alilipanga miaka mingi kabla ya serikali yoyote kufikiria pensheni.

Mungu anamwambia Musa kuhusu Walawi. Mlawi ataanza kazi ya hema akiwa na miaka 25. Akifika miaka 50, ataacha ile kazi. Asiibebe tena. Lakini maneno hayaishii hapo. Mstari wa 26 unasema atabaki pamoja na ndugu zake katika hema, awasaidie, ashike zamu ya ulinzi, ila ile kazi yenyewe asiifanye.

Mniskize vizuri. Kazi ya Walawi wengine ilikuwa ya mabega. Hesabu 7:9 inatuambia wana wa Kohathi hawakupewa hata gari la ng'ombe, kwa sababu vyombo vitakatifu vilibebwa begani. Ukitaka kujua maana ya miaka 50 hapo, muulize kijana anayepakia magunia ya mahindi kwenye lori hapa Kitale kama anafikiri atakuwa akipakia akifika umri huo. Mungu anaujua mgongo wa mtu. Alipoweka mpaka wa kazi hakuwa anamtupa Mlawi. Alikuwa anamhamisha, kutoka chini ya mzigo mpaka mlangoni, karibu na wale wanaobeba sasa.

Kwa hivyo andiko lina amri mbili, na zote mbili ni ngumu. Ya kwanza: acha. Ya pili: baki.

Nataka niwaonyeshe mtu ambaye maisha yake yanafundisha amri hizo mbili, na hatuhitaji kwenda mbali. Ukipanda matatu hapa Kitale, ukaenda Makutano na Kapenguria, uko nyumbani kwao. Naongea juu ya Tegla Loroupe. Sijasimama kumhubiri Tegla, tunamhubiri Kristo. Lakini Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho waangalie wanariadha, basi na sisi tuangalie wa kwetu.

ALIKOTOKA

Tegla alizaliwa mwaka 1973, akalelewa katika nyanda za juu za Pokot Magharibi, mmoja kati ya watoto zaidi ya ishirini wa baba mmoja. Akiwa na miaka saba alianza kwenda shule, kama kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, miguu mitupu, na ukichelewa unachapwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kambi yake ya mazoezi. Wengine nyumbani waliona kwamba msichana kazi yake ni kulea watoto na kuchota maji. Alipoanza kushinda, wenye riadha walimwona mdogo mno. Ni kweli ni mfupi, futi tano hivi, na mwili wake ni mwembamba kabisa. Ukimwona sokoni hungedhani.

Lakini Novemba 1994 huyo mdogo mno alishinda marathoni ya New York. Hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa ameshinda marathoni kubwa kama hiyo kabla yake. Mwaka 1995 akarudi na kushinda tena, na hapo alikuwa amefiwa na dada yake muda mfupi tu kabla ya mbio. Alikimbia na msiba kifuani.

Tarehe 19 Aprili 1998, kule Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia iliyokuwa imesimama tangu 1985 kwa jina la Ingrid Kristiansen wa Norway. Miaka kumi na mitatu hakuna aliyeigusa. Tegla akaishusha mpaka saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Mwaka uliofuata, Berlin, akajipunguzia mwenyewe sekunde nne. Nusu marathoni ya dunia alishinda mara tatu mfululizo: 1997, 1998 na 1999. Mwaka 2000 akachukua London.

Halafu ikaja Sydney, Septemba 2000, michezo ya Olimpiki. Kila mtu alijua dhahabu ni yake. Kabla ya marathoni akashikwa na tumbo vibaya, chakula kilimdhuru. Akaingia barabarani hivyo hivyo. Alimaliza nambari 13. Siku sita baadaye akasimama tena kwenye fainali ya mita 10,000, akawa wa tano. Mpaka leo Tegla Loroupe hana medali ya Olimpiki hata moja.

Kijana uliye hapa, weka hilo moyoni. Unaweza kuwa bora duniani, na siku ile unayoitaka sana tumbo likakataa. Nambari 13 si aibu ikiwa umemaliza.

1. TAJI HILI NI LA KUKOPESHWA

Sasa tuingie kwenye hesabu. Rekodi ya Berlin aliiweka tarehe 26 Septemba 1999. Tarehe 30 Septemba 2001, Berlin hiyo hiyo, Naoko Takahashi wa Japani akaivunja. Miaka miwili na siku nne, imeenda. Na je, Takahashi alikaa nayo muda gani? Siku saba! Tarehe 7 Oktoba 2001 Catherine Ndereba, Mkenya mwenzetu, akaivunja kule Chicago. Mtu anafanya mazoezi miaka na miaka, anapata kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine duniani aliwahi kukipata, na Jumapili inayofuata kina mwenyewe mwingine.

Paulo katika 1 Wakorintho 9:25 anasema wanariadha hushindania taji linaloharibika. Wakati wake lilikuwa la majani, linakauka. La siku hizi halikauki, linavunjwa.

Kwenye uhasibu tuna neno uchakavu. Ukinunua trekta leo, mwaka ujao vitabuni thamani yake imepungua, mwaka unaofuata imepungua tena, mpaka siku moja vitabu vinasoma sufuri. Miguu ni hivyo. Sauti ya kuimba ni hivyo. Cheo ni hivyo, na macho ya fundi cherehani pia. Kila kipawa cha mwili kinaandikwa kushuka kila mwaka, utake usitake.

Lakini kuna mali nyingine ambayo haishuki kwa njia hiyo, nayo ni jina. Mithali 22:1 inaliweka jina jema juu ya utajiri mwingi. Miguu ya Tegla ilikuwa inashuka vitabuni. Jina lake lilikuwa linapanda. Swali la mtu mwenye hekima ni hili: ile mali inayoshuka ikiisha, ile iliyopanda nitaiweka kwa kazi gani?

2. ALIACHA MZIGO, AKABAKI MLANGONI

Mwaka 2003 Tegla alianzisha wakfu wa amani unaobeba jina lake. Hapo alikuwa bado anakimbia. Hakungoja mpaka magoti yakatae kabisa ndipo aanze kujiuliza maisha ni nini. Wakfu huo ukaanza kuandaa mbio za amani katika maeneo ya wafugaji, Kapenguria na hata ng'ambo ya mpaka, Uganda. Wapokot, Waturkana, Wamarakwet, Wakaramojong, watu ambao walikuwa wakikutana usiku kwa risasi, wakakutana mchana kwenye mstari mmoja wa kuanzia mbio. Vijana ambao walijulikana kwa bunduki wakavua, wakakimbia.

Wapendwa, si mnajua wizi wa mifugo ni nini? Hatuzungumzi habari za mbali. Na ndugu zetu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa hofu ya usiku, maana wengine mlihama kutoka Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 na mlichobeba ni watoto tu. Uhasama wa mifugo haujaisha mpaka leo, tuseme ukweli. Lakini jiulize: ni nani angeweza kuingia katikati ya jamii hizo na kusema "tukimbie" na akasikilizwa? Afisa wa serikali angekuja na gari na walinzi. Mgeni angehitaji mkalimani. Yeye aliingia na jina alilolipata New York na Rotterdam. Zile kilomita 42 zilikuwa zimemnunulia ruhusa ya kusema. Pamoja na hayo akajenga shule kule kwao, watoto walioachwa na mapigano wapate pa kulala na kusoma.

Halafu tazama mwaka 2016. Malori ya chakula cha Kakuma mmeyaona yakipita hapa Kitale kuelekea Lodwar. Katika kambi ile kulikuwa na vijana wa Sudan Kusini waliokimbia vita wakiwa watoto. Wakfu wa Tegla ukawapima mbio, ukawachukua waliofaa mpaka Ngong, wakafanya mazoezi. Watano kati yao wakaingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, timu ya watu kumi. Tarehe 5 Agosti 2016, Rio, msichana wa Kakuma, Rose Nathike Lokonyen, akaingia uwanjani amebeba bendera ya Olimpiki, na uwanja mzima ukasimama. Kiongozi wa msafara huo alikuwa nani? Tegla Loroupe.

Hakuna kati yao aliyeleta medali. Wengi walimaliza nyuma kabisa. Na yule mama aliyewahi kuwa na rekodi ya dunia alikuwa hapo, hakimbii, anawaangalia wanaokimbia.

Hiyo ni Hesabu 8:26, wapendwa. Mzigo ameshusha. Mlangoni yuko. Mwambie jirani yako: "Shusha, lakini usiondoke."

3. WATU WAWILI WALIOKOSA NJIA

Andiko likiwa na amri mbili, mtu anaweza kukosa kwa njia mbili.

Wa kwanza ni yule aliyekataa kushusha. Huyu tunaye kanisani, na nitasema kwa upole kwa sababu wengine ni baba zangu na mama zangu. Amekuwa mwenyekiti wa kamati miaka kumi na minane. Kitabu cha kwaya kiko nyumbani kwake, ufunguo wa stoo uko kwa kamba ya kiuno chake. Ukimwuliza ni nani atafuata, anasema vijana wa siku hizi hawajui kazi. Baba, watajuaje kama hujawahi kuwapa mabega yao yaonje uzito? Sheria ya Mungu ilimtoa Mlawi wa miaka 50 akiwa bado anatembea, bado anaona, bado anakumbuka vile kitu hufungwa na vile hubebwa. Mungu hakungoja aanguke na sanduku.

Wa pili ni yule aliyeshusha na akaondoka kabisa. Huyu naye tunamjua. Majuzi nikienda Bungoma niliketi karibu na mzee mmoja kwenye matatu. Tulipokaribia Webuye alininyooshea kidole kuelekea Pan Paper, kiwanda ambacho kilisimama mwaka 2009, na mji mzima ukajua kimesimama. Akaniambia, "Pasta, mimi ni fundi wa mitambo pale." Niligundua hakusema nilikuwa. Alisema ni. Miaka yote hiyo, na sentensi yake bado iko kazini.

Nikamwuliza, "Mzee, na sasa?" Akasema, "Sasa niko tu."

Nikamwuliza tena, "Yale unayoyajua ya mitambo, ni nani mwingine anayajua?" Akanyamaza. Alinyamaza mpaka karibu tufike Kanduyi. Halafu akasema, "Kuna kijana wa jirani hunisumbua kila siku na posho mill ya baba yake. Mimi humfukuza." Nikamwambia, "Mzee, huyo ndiye hema lako."

Hakucheka. Alishuka akanipa mkono, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu.

Wapendwa, niko tu ni neno zito sana. Liko midomoni mwa walimu waliostaafu, madereva, wanajeshi, wauguzi, akina mama ambao watoto wameolewa na kuoa na nyumba imebaki kimya. Liko pia midomoni mwa kijana wa miaka 27 aliyekuwa nyota wa mpira shuleni, goti likaumia, na sasa anashinda kwenye kibao cha bodaboda akisimulia goli la mwaka ule. Pesa ya kustaafu inaweza kuisha, na nimewahi kukaa na familia kupanga upya baada ya kuisha. Hiyo inauma, lakini inapangika. Mtu akishaamini kwamba Mungu alimaliza naye siku ile mwajiri alimaliza naye, hapo ndipo uharibifu unaingia, na chang'aa inajua njia ya nyumba hiyo.

Mwajiri alikupa kazi. Hakukupa wito, kwa hivyo hawezi kuuchukua.

"LAKINI PASTA, MIMI SINA JINA KAMA LA TEGLA"

Najua unasema hivyo. Wacha nikujibu. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini kule Kiminini akienda sokoni, nusu ya soko inamwita mwalimu. Amestaafu lakini jina halijastaafu, ataitwa hivyo mpaka kaburini. Akisimama kati ya wana wawili wanaogombania mpaka wa shamba, wale aliowachapa wakiwa darasa la tatu, watanyamaza. Hakimu hawezi kununua unyamavu huo. Mama aliyeuza mboga miaka ishirini bila kupunja kipimo, akimwambia msichana "mume huyo usimkimbilie," msichana atasikiza. Hilo ndilo jina, na ni mtaji. Watu wengi hapa mmekalia mtaji mkubwa huku mkilia hamna kitu.

Matendo 13:36 inasema juu ya Daudi kwamba alitumikia kusudi la Mungu katika kizazi chake, ndipo akalala. Fuata mpangilio huo. Alilala baada ya kutumika. Wengine wetu tumelala kwanza, mazishi ndiyo yanangoja.

FANYA HIVI JUMA HILI

Kwanza, andika kwa karatasi kitu kimoja ambacho mwili wako hauwezi tena kukifanya kama zamani. Kiombee, umshukuru Mungu kwa miaka aliyokupa nacho, halafu kishushe. Kama ni ofisi ya kanisa, ukaongee na mchungaji kabla ya Jumapili.

Pili, taja mtu mmoja, mmoja tu, ambaye sasa anabeba kile ulichokuwa ukibeba. Nenda kwake. Usiende kumwambia anakosea wapi. Nenda umuulize, "Ni wapi panakulemea?"

Tatu, nyinyi vijana ambao rekodi zenu bado ziko mbele: anza kujenga jina lako sasa, kwa uaminifu. Tegla alianza kazi ya mlangoni kabla hajamaliza kazi ya barabarani. Ukingoja ustaafu ndipo uwe mtu wa msaada, utakuta hujui hata pa kuanzia.

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa nguvu ulizotupa na kwa zile ulizozichukua. Utusaidie kuachilia bila uchungu na kubaki bila kiburi. Waguse wote wanaosema "niko tu," katika Kitale, Webuye na Bungoma, waone mlango uliowawekea. Walinde vijana wanaobeba sasa. Ulete amani katika mipaka yetu na Pokot, Turkana na Mlima Elgon. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini unafikiri Mungu aliweka umri wa Mlawi kuacha kazi, badala ya kungoja mtu achoke mwenyewe?
2. Kati ya kukataa kushusha na kushusha ukaondoka kabisa, ni lipi linakaribia maisha yako?
3. Katika mtaa wenu, ni nani aliyestaafu ambaye kanisa halijawahi kumwomba chochote? Kikundi kipange kumtembelea kabla ya mwisho wa mwezi.